Kalamu ya Risasi na Sura Zetu

Iko rai moja ambayo tumeisikia mara nyingi katika semina na mazungumzo ya watu wanaoshughulikia utamaduni. Rai hiyo yasema kwamba mtu asiye fundi anayechukua kalamu ya risasi, akaweka mbele yake picha iliyopigwa kwa kamera, akaanza kuichora sura iliyomo, hafanyi sanaa wala hafanyi jambo la kwetu. Mtu huyo ni kasuku. Anaiga chombo cha Mzungu kwa kalamu ya Mzungu. Heri aende akajifunze kuchonga mpingo, ama aache kabisa. Baadhi ya walimu wameyashika maneno hayo, na mwanafunzi anayekutwa akichora sura ya mzee wake nyuma ya daftari hukemewa mara mbili: kwanza kwa kupoteza wakati, pili kwa kuiga.

Sisi twaipinga rai hiyo. Hatuipingi kwa kuwa tu mafundi, maana hatukufika hata mlangoni pa shule ya sanaa. Kazi yetu ya mchana ni majalada ya ofisi ya Serikali, na ya usiku ni kupanga vina na mizani. Kuchora twachora kwa ridhaa tu, hapa Chuno, mjini Mtwara, juu ya meza ile ile tunayolia chakula, baada ya vyombo kuondolewa. Lakini twaamini kwamba kazi hiyo inayodharauliwa ni miongoni mwa kazi za utamaduni zilizo karibu kabisa na mtu wa kawaida, na kwamba tukiiacha litapotea jambo ambalo makumbusho hayataweza kulirudisha. Jambo lenyewe ni sura za watu wetu, kama zilivyokuwa hasa.

Na tuanze na dai la ugeni. Jina la chombo chenyewe latudanganya, kwani kalamu ya risasi haina risasi hata chembe. Ndani yake mna kinywe, yale madini meusi yenye utelezi, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi yakachomwa motoni. Ni kweli kwamba Mfaransa, Nicolas-Jacques Conté, ndiye aliyeitengeneza njia hiyo mwaka 1795. Yeye alionyesha kwamba udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na mstari wake hafifu, na kinywe kikizidi, kalamu huwa laini na mstari wake mweusi. Hizo ndizo herufi H na B tunazozikuta ubavuni mwa kalamu zetu. Lakini kinywe chenyewe kimo katika ardhi yetu. Kimo Mahenge, na kimo Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, kwa majirani zetu. Mtu wa Kusini akikiita kinywe kitu cha ugenini, anajifanya mgeni wa ardhi anayoikanyaga.

Wala kalamu hiyo haikufika huku jana. Mwaka 1906, nchi ya Kusini ikiwa bado inauguza majeraha ya Vita vya Maji Maji, alipita Lindi, Masasi na Newala Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alikuja na kamera na mashine ya kunasia sauti, akikusanya habari na vitu vya wenyeji. Pamoja na hayo aliwapa wapagazi na wenyeji karatasi na kalamu, akawataka wachore. Wakachora, na mmoja wao alikuwa Pesa Mbili, mnyampara wa wapagazi wake. Michoro hiyo Weule aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908. Sisi hatumsifu mtu huyo, kwa sababu alitembea chini ya kivuli cha bunduki za wakoloni, na katika picha alizozipiga wamo watu wetu waliotajwa kwa kabila lao tu, bila jina, kana kwamba mtu ni aina ya mti. Hata hivyo yafaa tuzingatie jambo moja. Kamera aliyoishika yeye iliwaacha wengi bila majina, bali kalamu waliyoishika wao imetuachia jina la Pesa Mbili. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Je, ni miaka mingapi inayotakiwa ili kitu kiwe chetu?

Wapinzani wetu hurudi nyuma hatua moja wakasema: kalamu na iwe yetu, lakini kuifuata sura ya mtu halisi si desturi ya Mwafrika, kwani sanaa yetu ni ya mizimu na ishara. Anayesema hivyo hajalitazama lipiko. Kinyago hicho cha Wamakonde huvaliwa kichwani kama kofia nzima, na mchezaji huona njia kupitia mdomoni mwake. Huchongwa kwa mti mwepesi, kikapachikwa nywele za binadamu kwa nta, na nembo za uso zikawekwa kwa nta vile vile. Mafundi wa upande huu wa Mto Ruvuma na wa upande wa Msumbiji wamechonga humo sura za wazee, za wanawake wenye ndonya, za Wahindi, za Waarabu na za Wazungu, na watazamaji wakazitambua na kuzicheka. Hatutasema zaidi ya hayo, maana mambo ya mpolo hubaki mpolo. Lakini itoshe kusema kwamba kufananisha uso na uso ni kazi ya kale katika nchi hii.

Na hizo nembo zenyewe ni nini kama si mchoro? Fundi wake alichanja ngozi kwa kisu kidogo, akasugua mkaa katika jeraha, na mistari ikabaki maisha yote. Mkaa na kinywe ni watoto wa asili moja, wote ni kaboni. Kabla kalamu haijapanda uwanda wa Makonde, watu wa huko walikwisha kuwa na mistari myeusi iliyopangwa kwa kipimo, tena si juu ya karatasi inayochanika, bali juu ya paji la uso na mashavu.

Sasa tuje kwenye dai la pili, lile la kasuku. Wanasema kwamba anayechora kwa kutazama picha haongezi kitu, kwa kuwa picha imekwisha kufanya kazi yote. Maneno haya husemwa na mtu ambaye hajajaribu. Mwacheni achukue picha ya mjomba wake na karatasi tupu, kisha aketi nusu saa. Atayaweka macho juu mno, karibu na nywele, kwa kuwa akili yake inadhani kwamba paji la uso ni dogo. Akipima kwa kijiti toka kidevuni hadi utosini ataona kwamba macho yako karibu na nusu ya kichwa. Atachora jicho kama samaki mwenye kitone katikati, kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea kuliwaza jicho, ingawa silo aliloliona. Geuza picha juu chini, kisha mwambie achore. Atashangaa kwamba sasa mkono unafuata mistari iliyopo, kwa kuwa akili imeacha kumnong'oneza kwamba hili ni jicho na hii ni pua.

Tena picha yenyewe ina makosa yake. Kamera ina jicho moja. Ikisogezwa karibu na uso huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma, na ndiyo sababu wengi hawajipendi katika picha wanazojipiga kwa mkono mmoja. Nywele nyeusi mbele ya ukuta wenye kivuli huungana na ukuta huo, na mpaka wa kichwa hupotea. Mchoraji hana budi kuamua: mpaka uko wapi, pua hii ni ya mtu au ni ya kamera, kivuli hiki ni cha shavu au ni cha kofia. Kila uamuzi wamtaka amkumbuke mtu mwenyewe, ama awaulize waliomjua. Kasuku haamui kitu wala haulizi mtu.

Hapa hatuna budi kueleza yaliyotupata sisi wenyewe, maana ndiyo yaliyotufanya tuishike kalamu hii ya ubishi.

Bibi yetu mzaa mama alizaliwa uwandani, upande wa Newala, akateremka pwani akiwa mtu mzima. Alikuwa na nembo usoni, na ndonya katika mdomo wa juu. Alipofariki aliacha picha moja tu, ndogo kama kiganja cha mtoto, aliyopigwa studio katika miaka ya 1960. Joto na unyevu wa pwani yetu havina huruma. Kuvu liliota katika pembe moja, mende wakala pembe ya pili, na uso ukaanza kuwa wa manjano. Tukasema: kabla haijafa, tuichore. Tulifanya kazi majuma matatu kwa kalamu mbili, HB na 4B. Tulipomaliza tulifurahi, maana kila kivuli kilichokuwa katika picha kilikuwa katika mchoro.

Akaja mama mkubwa, tukamwonyesha. Aliutazama muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Tukamwambia kuwa ni mama yake. Akatikisa kichwa, akasema, "Mama hakuwa na uso mtupu hivi." Akaleta kidole chake juu ya karatasi, bila kuigusa, akaonyesha: hapa, pajini, mistari iliyopinda kama mgongo wa paa la nyumba, mmoja juu ya mwingine, na hapa, shavuni, mingine inayoshuka. Tukaitwaa picha na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Uso ulikuwa laini kama yai. Hakuna hata mstari mmoja.

Baadaye tulielewa. Siku zile kazi ya studio haikuishia katika kupiga picha. Mrekebishaji aliichukua negativu akaitazama mbele ya mwanga, akachonga kalamu ya risasi ikawa kali kama sindano, akaanza kujaza. Palipo na mstari mweusi usoni, katika negativu huwa peupe. Akipapaka kinywe, picha ikisafishwa mstari hutoweka. Hivyo ndivyo makunyanzi yalivyoondolewa, na makovu, na chunusi. Na hivyo ndivyo nembo za bibi yetu zilivyoondolewa na mtu ambaye bila shaka aliona anamfanyia hisani. Huenda hata hakumwuliza. Kalamu ya risasi ndiyo iliyomfuta, na kwa miaka mingi sisi wajukuu tuliiita picha ile ushahidi.

Tulichora tena. Safari hii tuliketi na mama mkubwa jioni nne, yeye akiagiza, sisi tukifuta. Alituambia habari ambazo hatukupata kuzisikia: nembo zile zilichanjwa wapi, bibi alilia au hakulia, na ni wimbo gani uliimbwa. Mchoro ulipokwisha aliupokea kwa mikono miwili. Kisha akasema kwamba pua bado si yake. Na kweli, si yake. Hatukuweza kuipata hadi leo. Lakini hakuuliza tena huyu ni nani.

Basi ndugu msomaji, katika habari hiyo kasuku ni nani? Ni mchoro wa kwanza, ulioifuata picha kwa utiifu wote, ukaurudia uongo wake kivuli kwa kivuli. Hapo wapinzani wetu wana haki, nasi hatutawanyima haki yao. Yuko mchoraji ambaye hupiga miraba juu ya picha na miraba juu ya karatasi, akahamisha mraba kwa mraba kama karani anayehamisha hesabu, na akimaliza hajui kama aliyemchora alikuwa mcheshi au mkali. Miraba si dhambi, nasi tumeitumia. Dhambi ni kuhesabu miraba ukasahau kwamba ndani yake yumo mtu.

Tena liko kosa kubwa zaidi, na hili twawalaumu wenzetu wa ridhaa bila kuwaficha. Vitabu vingi vya kujifunza kuchora vilitungwa kwa ajili ya nyuso nyeupe. Humo mwanafunzi huambiwa aiache karatasi iwe ngozi, atie vivuli vichache chini ya pua na kidevu. Kijana wetu anaifuata kanuni hiyo, na babu yake mweusi wa Nanyamba anatoka karatasini kama mtu aliyepakwa unga. Akiulizwa, hujibu kwamba akikoleza, picha itachafuka. Picha itachafuka! Kumbe weusi wa babu ni uchafu? Hii ndiyo kasumba halisi, nayo haikai katika kalamu. Inakaa katika mkono unaoogopa kukandamiza. Ngozi nyeusi huchorwa kwa kuanza na rangi ya katikati usoni kote, kwa tabaka nyepesi, moja juu ya nyingine, kwa kalamu laini, hata weusi ukolee. Kisha ule mng'aro wa paji la uso, wa mfupa wa shavu na wa ncha ya pua huachwa, ama huinuliwa taratibu kwa kifutio. Sura nyeusi haikosi mwanga. Mwanga wake ni mchache na mkali, nao hauna budi kutafutwa.

Wengine watasema kwamba leo mambo haya yamepitwa na wakati, kwani kila mtu ana simu na kila simu ina picha elfu. Twajibu kwamba simu hizo zimemrithi yule mrekebishaji wa studio, ila yeye alifanya kwa saa nzima yale ambayo programu za simu hufanya kwa nukta moja: huilainisha ngozi, huing'arisha, huyafuta makovu, na mara nyingine humpa mtu pua ya jirani. Wajukuu wetu watarithi picha maelfu, na huenda wasipate hata moja iliyosema kweli. Kwa hiyo haja ya jicho lililofunzwa kutazama imezidi.

Na wako wanaohofu kwamba watu wa ridhaa watawaharibia mafundi riziki yao. La hasha. Aliyewahi kuhangaika na sikio moja kwa jioni mbili ndiye anayemlipa fundi bila kumpunja, kwa kuwa ameujua uzito wa kazi. Aidha, Taifa letu halikujengewa sanaa yake na wenye shahada peke yao. Sam Ntiro alisoma Makerere kisha London, nasi twajivunia kazi yake. Lakini Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932, hakusomea sanaa katika chuo chochote. Alianza kwa rangi za kawaida za dukani na mbao za dari, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo unaoitwa kwa jina lake duniani kote. Lau angaliambiwa kwamba asiye fundi aache, akatii, tungekuwa na nini?

Wako pia ndugu zetu ambao imani yao haiwaruhusu kuchora viumbe wenye roho. Hao hatubishani nao, na mwalimu asimlazimishe mtoto wao. Ubishi wetu ni na yule anayekataa kwa jina la utamaduni.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, shabaha ilikuwa kuwarudishia watu fahari ya mambo yao. Kwa wengi wetu fahari hiyo imekuwa ngoma za sherehe na vinyago vya kuuzwa. Hivyo ni vyema, lakini havitoshi. Utamaduni hukaa pia katika sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya bahasha, katika picha moja inayoliwa na mende.

Kwa hiyo twawaomba walimu jambo jepesi. Kila mwanafunzi na alete picha moja ya mzee wa ukoo wake, kwa ruhusa ya wenyewe. Apewe karatasi moja na kalamu moja. Hata HB ya dukani yatosha kuanzia. Lakini kabla hajachora mstari wa kwanza, aende nyumbani akawaulize waliomjua mzee huyo: picha hii imeficha nini? Alikuwa na kovu? Alikuwa na nembo? Jicho moja lilikuwa dogo? Alicheka kwa upande gani wa mdomo? Kisha achore, afute, aonyeshe, akosolewe, achore tena. Akimaliza, aandike nyuma ya karatasi jina la mzee, mahali alipozaliwa, na jina la yeye aliyechora. Mchoro huo huenda usiwe mzuri. Pua huenda isipatikane. Lakini shule itakuwa imemfundisha kijana kutazama, kuuliza na kusema kweli kwa mkono wake, na nyumba moja katika Tanzania itakuwa na uso ambao haukufutwa.

Nasi kwa desturi yetu twafunga kwa beti mbili:

Kalamu shika mkono, karatasi ikunjue,
Sura isiyo mfano, ya bibiyo uijue,
Nembo zake ni maneno, zisome uzitambue,
Mchore alivyokuwa, si picha ilivyomwona.

Usoni mwake mweusi, usimpake weupe,
Kivuli chake halisi, haki yake umlipe,
Jina liandike basi, nyuma pasiwe peupe,
Mchore alivyokuwa, si picha ilivyomwona.